Kishikwambi kinachokula bando wakati umelala

Mimi ni fundi cherehani, nashonea Pasua hapa Moshi. Kishikwambi nilikinunua ili wateja wachague mishono humo badala ya kukodolea macho mabango yaliyopauka ukutani, na jioni kinakuwa cha wanangu wawili kwa kazi za shule. Hakina sehemu ya laini. Kinapata intaneti kwa hotspoti ya simu yangu, na simu yangu inaishi kwa bando la wiki ninalolinunua Jumatatu asubuhi kabla sijafungua mlango wa kibanda.

Jumatatu moja niliunga GB 5. Usiku nikaweka kishikwambi kwenye chaji, simu pembeni yake, hotspoti nimeisahau inawaka. Kulipokucha nikakuta ujumbe: umetumia asilimia 75 ya kifurushi chako. Nikawatazama watoto kwa lile jicho. Lakini walikuwa wamelala tangu saa tatu, na mimi mwenyewe ndiye niliyewafunika shuka. Hakuna aliyekigusa. Kilijihudumia chenyewe: kilisasisha programu kumi na kitu, kikapandisha mtandaoni picha za nguo zote nilizoshona tangu Pasaka, kikapakua na sasisho la mfumo ambalo sikuliomba.

Nikakipeleka kwa fundi simu mmoja mjini. Akakigeuza mara mbili, akasema, "Mama, hiki kina virusi. Niachie nikifleshi." Sikumwachia. Aliyenisaidia ni mtoto wa kaka yangu anayesoma Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi. Alikaa nacho kwenye stuli yangu ya kushonea kama nusu saa, akacheka. "Shangazi, hakina virusi. Hakijui tu kwamba unalipia."

Basi shida yote ni hiyo. Kishikwambi kikiona alama ya Wi-Fi kinadhani kimefika kwenye intaneti isiyopimwa, na hapo kinazitoa kazi zote kiporo kilizokuwa kimeziweka. Simu ikitumia laini yake yenyewe hujibana kidogo, kwa sababu inajua laini ina gharama. Kishikwambi kikining'inia kwenye hotspoti ya simu hiyo hiyo kinaona Wi-Fi tu. Ni mgeni aliyealikwa chai akadhani kaja harusini. Hatua nyingi hapa chini ni njia mbalimbali za kumnong'oneza mgeni huyo kwamba pilau imepimwa.

Naandika kwa ajili ya Android, maana ndiyo iliyo kwenye vishikwambi vingi mitaani. Kama chako ni cha kazini, kama vile walivyopewa walimu baada ya Sensa ya 2022, programu za mwajiri ziache zilivyo, shughulika na ulizoweka mwenyewe. Majina ya menyu hutofautiana kidogo kati ya kampuni na kampuni. Usipoona ninachokitaja, fungua Mipangilio, gusa sehemu ya kutafuta iliyo juu, andika neno "data", na vyote vinavyohusika vitajipanga mbele yako.

Hatua ya 1: Pima kabla ya kukata

Hata kitambaa hatukati kabla ya kupima. Kuna sehemu mbili za kutazama, na watu wengi hutazama moja tu.

Ya kwanza ni simu inayotoa hotspoti. Ingia Mipangilio, kisha Mtandao na intaneti, kisha matumizi ya data. Utaona orodha ya programu kuanzia inayokula zaidi, na katikati yake kuna mstari wa hotspoti yenyewe. Menyu ya Kiswahili huiita mtandaopepe. Mstari huo ndio jumla ya kila kilichotoka kwenye simu yako kwenda kwenye vifaa vingine. Kama wenyewe ndio unaongoza orodha, usihangaike na simu, mlaji yuko nje yake.

Ya pili ni kishikwambi chenyewe. Fungua ukurasa ule ule, ila chagua matumizi ya Wi-Fi. Gusa programu moja moja za juu. Kila moja itakupa namba mbili: kiasi ilichotumia ukiwa unaitazama, na kiasi ilichotumia chini chini, yaani ukiwa umeiacha na kuendelea na mambo yako. Namba hiyo ya pili ndiyo unayoiwinda. Programu iliyokula MB 400 ukiwa unatazama video umeitumia mwenyewe, usiilaumu. Iliyokula MB 400 chini chini ndiyo ya kushughulikia.

Kisha fanya jaribio la usiku mmoja. Kabla ya kulala andika jumla ya Wi-Fi kwenye karatasi, acha hotspoti inawaka makusudi, asubuhi soma tena na utoe. Ila chagua usiku wa mwisho wa bando, ule ambao MB zilizobaki zitakufa kesho yake hata usipozitumia. Sina haja ya kukueleza kwa nini usifanye Jumatatu.

Hesabu ya kifaa na hesabu ya mtandao wa simu huenda zisilingane sawasawa. Zikitofautiana kidogo, fuata ya mtandao, kwa kuwa ndiyo itakayokukatia.

Hatua ya 2: Kiambie kwamba mtandao huu unapimwa

Kama una muda wa kufanya jambo moja tu leo, fanya hili. Ningelijua mapema, zile GB zangu zingefika Ijumaa.

Kwenye kishikwambi fungua orodha ya Wi-Fi ukiwa umeunganishwa na hotspoti yako. Gusa jina la mtandao, au alama ya gurudumu la meno iliyo pembeni yake. Shuka chini, pengine itabidi ufungue sehemu ya mipangilio zaidi, utafute mstari unaohusu matumizi ya mtandao au upimaji wa data. Hapo pana chaguo tatu: kifaa kitambue chenyewe, mtandao uchukuliwe kuwa unapimwa, au uchukuliwe kuwa haupimwi. Chagua unapimwa. Toka. Umemaliza.

Hilo la "kitambue chenyewe" ndilo linalokuja na kifaa, na si la uongo. Simu ya Android ikitoa hotspoti hutuma ishara ndogo ya siri kuvijulisha vifaa vingine vya Android kwamba intaneti hii inatoka kwenye laini. Mara nyingi ishara hupokelewa, ila si kila mara, kama yaliyonikuta mimi. Lakini vile viruta vidogo vya mfukoni, na ruta za nyumbani zinazotiwa laini, kwa kawaida havitumi ishara hiyo, na kwake kishikwambi ruta yenye bando la GB 10 haina tofauti na waya wa ofisi kubwa. Ndiyo maana siachi kitu kwenye bahati: kila mtandao ninaoulipia nauweka alama kwa mkono.

Ukishaweka alama, mambo kadhaa yanatulia kwa pamoja. Masasisho ya programu husubiri. Upakuaji mkubwa wa mfumo husubiri. Na vizuizi vya data ya chini chini, nitakavyovieleza kwenye hatua inayofuata, vinaanza kuwa na nguvu. Kabla ya hapo ni mapambo.

Jihadhari na mambo mawili. Alama hii imefungwa kwenye jina la mtandao. Siku ukibadili jina la hotspoti, au ukinunua simu nyingine yenye jina lake, kishikwambi kinauona kuwa mtandao mpya kabisa na kusahau yote mliyokubaliana. Vivyo hivyo ukiazima hotspoti ya jirani: utamaliza bando lake na urafiki pamoja. Jambo la pili, si kila programu huuliza kama mtandao unapimwa. Nyingine huuliza swali fupi tu, je, hii ni laini au ni Wi-Fi, na zikijibiwa Wi-Fi zinavimba. Hizo utazifuata moja moja kwenye hatua ya 5.

Hatua ya 3: Washa Kiokoa Data, lakini upande ulio sahihi

Kiko ndani ya Mtandao na intaneti. Android imekuwa nacho tangu toleo la 7 lililotoka 2016, kwa hiyo hata kishikwambi cha mtumba kina uwezekano mkubwa wa kuwa nacho. Kikiwashwa, programu ambayo huitazami kwenye skrini hainyweshwi data ya mtandao unaopimwa. Soma tena maneno matatu ya mwisho. Kwenye Wi-Fi ambayo kifaa kinaamini ni ya bure, Kiokoa Data kinakaa tu. Ndiyo sababu hatua ya 2 inatangulia.

Ukurasa huo huo una orodha ya programu unazoweza kuziruhusu ziendelee hata kikiwa kimewashwa. Ukiruhusu kumi umejidanganya. Mimi nimeruhusu WhatsApp peke yake, kwa sababu mteja wa sare ya harusi akiuliza "fundi, tayari?" akakosa jibu saa nzima, anaanza kuita mashahidi. Barua pepe zinangoja nikizifungua. Habari zinangoja. Hali ya hewa naitazama mlimani: ukifunika kichwa asubuhi, nguo sianiki.

Sasa mtego. Usiwashe Kiokoa Data kwenye simu ile inayotoa hotspoti. Android haikuruhusu kugawa intaneti Kiokoa Data kikiwa kimewashwa. Kitufe cha hotspoti kitafifia na utadhani simu imeharibika. Dada mmoja jirani yangu wa saluni alihangaika na hilo siku mbili, akawa anazima na kuwasha simu kama anayewasha jiko la mchina lenye utambi mfupi. Kwa hiyo Kiokoa Data kiwe kwenye kishikwambi. Kwenye simu bana programu moja moja: gusa jina la programu ndani ya matumizi ya data, zima kitufe cha data ya chini chini, nenda kwenye inayofuata. Nilizima kwa programu tano za juu tu. Za chini hazina madhara, unapoteza muda.

Hatua ya 4: Masasisho na nakala za picha

Haya mawili ndiyo yaliyomaliza bando langu, na yana dawa inayofanana.

Kwenye Play Store gusa picha yako iliyo juu, ingia mipangilio, kisha mapendeleo ya mtandao, kisha kusasisha programu kiotomatiki. Wengi huchagua "kupitia Wi-Fi pekee" wakalala kwa amani. Sasa unajua kwa nini hiyo peke yake haitoshi: hotspoti ni Wi-Fi. Chagua zisisasishwe zenyewe. Kama kishikwambi kina duka la pili la kampuni iliyokitengeneza, na vingi vinalo, rudia humo. Halafu kwenye Mipangilio tafuta sasisho la mfumo. Kama kuna kitufe cha kupakua kiotomatiki kupitia Wi-Fi, kizime.

Sisemi usisasishe kabisa. Masasisho huziba matundu ambayo wezi hupitia, na WhatsApp ikizeeka sana hukataa kufunguka. Ninachofanya ni kuyalimbikiza. Mara moja kwa mwezi kishikwambi kinapanda daladala kwenda mahali penye intaneti isiyopimwa: ofisini kwa ndugu, chuoni kwa yule mtoto wa kaka, au kwenye mgahawa mmoja wa mjini ambako watalii husubiri gari la kwenda lango la Machame. Unanunua kahawa moja, unaomba nywila, unaacha kifaa kishibe. Anza na WhatsApp, kivinjari, na programu za benki au za pesa, ndipo michezo. Kama kahawa imeisha kabla ya michezo kufika, basi.

Nakala za picha nazo ni vilevile. Programu ya Picha ya Google, ukishaikubalia kuhifadhi nakala, hupandisha kila picha mpya mtandaoni ikipata Wi-Fi. Picha moja ya simu ya kisasa huwa MB kadhaa. Video ya dakika moja ya ubora wa 1080p inaweza kuzidi MB 100. Mimi hupiga nguo kila upande, mbele, nyuma, na kola kwa karibu, na mteja akifurahi napiga video akijizungusha. Fanya hesabu ya wiki ya maandalizi ya Idi. Zima nakala hizo, uziwashe siku ya kahawa. Ukiogopa kupoteza picha kabla ya siku hiyo, kadi ya kumbukumbu ipo.

WhatsApp nayo ina nakala yake ya mazungumzo, ambayo kwa kawaida hukumbuka kufanya kazi usiku. Ingia mipangilio yake, sehemu ya soga, uchague nakala ifanyike pale tu unapogusa mwenyewe, na uondoe video ndani yake.

Hatua ya 5: WhatsApp na ndugu zake

Ndani ya mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya hifadhi na data, kuna orodha tatu za vitu vinavyopakuliwa bila kuulizwa: ukiwa kwenye data ya simu, ukiwa kwenye Wi-Fi, na ukiwa nje ya nchi. Watu hubana ile ya kwanza, na kwenye simu wako sahihi. Kwenye kishikwambi kinachotumia hotspoti ya kwanza haina kazi. Ya pili ndiyo inayokula, na kwa kawaida imewekwa kupakua kila kitu: picha, sauti, video na nyaraka. Ifungue, toa tiki zote. Ujumbe wa sauti utaendelea kuingia wenyewe, huo hauzuiliki hapo, lakini ni mdogo.

Mtu akikuuliza kwa nini ujisumbue hivyo, muulize yumo kwenye magrupu mangapi. Mimi nina la kwaya, la kikoba, la wazazi wa darasa, la ukoo, la kamati ya harusi ambayo ilishapita mwaka jana na hakuna anayethubutu kutoka wa kwanza. Kila alfajiri yanaingia maua yenye maandishi ya asubuhi njema, na ua moja linaletwa na watu sita.

Kuna ulaji wa pili usioonekana hapa. Ukiunganisha akaunti yako ya WhatsApp kwenye kishikwambi wakati simu nayo inaitumia, kila video utakayoifungua pande zote mbili inapakuliwa mara mbili, na mara zote mbili kwenye bando lile lile. Amua kifaa kimoja kiwe cha kufungulia video za magrupu. Telegram ina orodha kama hizo za upakuaji, na ni rahisi kusahaulika, kwa kuwa humo watu hutupia mafaili makubwa zaidi.

Kwenye Facebook, Instagram na nyinginezo tafuta kitu kimoja: kucheza video kiotomatiki. Zima, au chagua hali yao ya kuokoa data. TikTok siishauri kwa bando dogo, nasema wazi. Kazi yake yote ni video, na inaandaa inayofuata kabla hujamaliza hii. Ukiibana sana inabaki skrini nyeusi.

YouTube tunaihitaji, nusu ya mishono mipya nimejifunzia huko. Zima kucheza kiotomatiki, zima video zinazojichezesha kimya kwenye ukurasa wa mwanzo, kisha kwenye ubora wa video weka kiwango cha chini kwa data ya simu na kwa Wi-Fi pia. Hesabu ya kukumbuka ni hii: kinachotiririka kwa megabiti 1 kwa sekunde hula MB 450 kwa saa. Video ikitiririka kwa megabiti 2 ni MB 900, karibu GB nzima. Namna ya kupachika zipu ya siri inaonekana vizuri kabisa kwenye 360p, ubora wa chini. Vidole ni vikubwa.

Hatua ya 6: Michezo ya watoto

Michezo ya bure inaishi kwa matangazo, na matangazo ya siku hizi ni video. Mtoto anapanga matofali ya rangi, mchezo wenyewe hauhitaji intaneti hata kidogo, lakini kila baada ya raundi linashuka tangazo, na jingine linaandaliwa nyuma yake. Kiokoa Data hakisaidii sana hapa, kwa kuwa mchezo uko mbele kwenye skrini.

Dawa ni ya kijinga na inafanya kazi: Hali ya ndegeni. Kabla hujampa, washa. Mchezo unaohitaji intaneti utagoma, usio na haja utaendelea bila matangazo. Mwanangu mdogo alilalamika siku mbili, ya tatu akagundua kwamba sasa hakatizwi na watu wanaouza mafuta ya nywele, akaacha kulalamika.

Kwa anayetaka kukaza zaidi, ipo programu ya bure iitwayo NetGuard inayokuwezesha kufungia programu moja moja mlango wa intaneti, kwenye Wi-Fi na kwenye laini, bila kuvunja ulinzi wa kifaa. Inajisajili kwenye kifaa kama VPN, yaani huduma ya kupitishia intaneti kwenye kompyuta ya mbali, ingawa kazi yake yote inafanyika humo humo ndani, kwa hiyo usishtuke ukiona alama ya ufunguo juu ya skrini.

Masomo nayo hayahitaji intaneti kila siku. Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania ina vitabu vya kiada vya bure. Siku ya kahawa pakua vya darasa la mwanao, viweke kwenye folda moja, vitasomeka hata umeme na mtandao vikikatika pamoja. Nami mishono nimeihifadhi hivyo hivyo, kama picha kwenye folda: magauni, suti, sare za kwaya. Mteja anachagua nikiwa nimezima kila kitu.

Kama kishikwambi kina laini, au ni iPad

Chenye laini ni rahisi zaidi kukidhibiti, kwa sababu Android inakuruhusu kuweka onyo na kikomo kwenye data ya laini. Weka tarehe ya kuanza hesabu iwe siku unayounga bando, onyo kwenye nusu, na kikomo chini kidogo ya ukubwa wa bando, maana hesabu hazilingani. Na usiache vocha kwenye salio la kawaida ukishaunga. Bando likiisha usiku, huenda kinachofuata kuliwa ni hiyo.

Kwa iPad, kitu kinachofanana na hatua ya 2 na ya 3 kwa pamoja kimo humo tangu iPadOS 13 ya mwaka 2019. Gusa alama ya "i" pembeni ya jina la Wi-Fi, washa kitufe kilichoandikwa Low Data Mode. Nacho pia kinakumbukwa kwa kila mtandao peke yake.

Hatua ya 7: Hotspoti yenyewe

Simu nyingi zina kitufe cha kuzima hotspoti yenyewe kama hakuna kifaa kilichounganishwa. Kiwashe, lakini usikitegemee usiku: kishikwambi kilicho kwenye chaji kinaweza kubaki kimeshika hotspoti hadi asubuhi, kwa hiyo simu inaona kuna mgeni na haifungi mlango. Zima Wi-Fi ya kishikwambi kabla ya kulala, hotspoti itajifunga nyuma yake.

Tazama pia idadi ya vifaa vilivyounganishwa. Simu huionyesha kwenye ukurasa wa hotspoti. Ukiona vitatu na wewe una kimoja, badili nywila, acha jina lilivyo.

Nywila hiyo ibadili hasa mwezi wa Januari. Desemba tunapanda nyumbani Marangu kama kila mtu, na ndugu waliotoka Dar wanafika bando zimekata njiani. "Shangazi, niwashie hotspoti niwajulishe nimefika." Anawajulisha kwa sekunde kumi, kisha simu yake inapumzika kwenye kochi na kuanza kusasisha programu za mwaka mzima. Huko kwetu bondeni kati ya migomba mtandao unakuja na kupotea, upakuaji unakatika njiani, na programu nyingine zikikatika huanza upya kutoka sifuri, kwa hiyo faili moja unaweza kulilipia mara mbili na bado lisikae. Siku hizi nawapa, ila naomba simu yao kwanza, nagusa jina la hotspoti yangu, naweka alama kwamba inapimwa, ndipo narudisha. Wanadhani nakagua meseji zao.

Ukimaliza yote, rudia jaribio la usiku mmoja, tena usiku wa mwisho wa bando. Usitarajie sifuri. Huduma za Google Play na ujumbe ulioruhusu vitanyonya kidogo, na Huduma za Google Play usizizime, nusu ya kifaa itayumba. Kwangu ilisoma MB 9. Yako ikizidi MB 50, rudi hatua ya 2 utazame kama ile alama bado ipo. Mimi mara mbili nimeikuta imepotea, na mara zote mbili ni mwanangu mkubwa aliyekuwa amebadili jina la hotspoti kuwa la timu yake.